Mtani Aliyekula Kabla ya Kusema

Kama kuna kitu Mwasiti alichokichukia kuliko nzi kwenye maandazi, ni mtu wa kubwaga habari mbaya mlangoni. Na alikuwa na haki. Siku mumewe alipoangukiwa na mzigo bandarini, mjinga mmoja alikuja mbio mpaka Rahaleo, akasimama kizingitini bila hata hodi, akatamka kwamba mumeo kafa. Mwasiti alikuwa ameshika karai la mafuta ya moto. Kovu lilianzia kwenye kiwiko likashuka mpaka vidoleni, na miaka yote iliyofuata hakuulaumu mzigo wala bandari. Alimlaumu yule wa kizingitini. Mtu ana adabu zake, alikuwa akisema. Unapiga hodi, unakaribishwa, unakaa, unakunywa maji, unakula kilichopo, ndipo unafungua kinywa. Aliyekufa hafufuki kwa sababu umewahi kusema.

Hilo likumbukwe, maana ndilo lililokuja kumponza mtoto wa watu.

Mwaka huo wa sabini na moja, masika yalipoanza kumwaga, Mwasiti ndiye aliyeshika ufunguo wa nyumba ya Walezi. Walezi wa Rahaleo walikuwa wanawake wachache na wanaume wachache zaidi, waliokusanywa na uchovu. Walichoka kuona vijana wa mtaa wao wakisombwa na polisi kila msimu wa korosho, wengine kwa wizi, wengine kwa uzururaji tu, na mama zao wakibaki kulia kwenye baraza. Wakakodi banda lililowahi kuwa ghala la chumvi, wakaweka jamvi, mtungi wa maji na cherehani moja ya Esta, mwanamke wa kanisani aliyewafundisha wasichana kushona. Wavulana walipelekwa kwa maseremala na mafundi baiskeli. Jioni mmoja wa Walezi alipita nyumbani kwa kijana, na hakwenda mikono mitupu, maana walijua kwamba mtoto anayeiba mara nyingi kuna chungu kisichoinjikwa nyuma yake. Hakuna aliyelipwa. Mwasiti alikaanga maandazi alfajiri, akauza, akaja kulea watoto wa wenzake hadi magharibi.

Hakimu wa mahakama ya mwanzo, kijana mwenye miwani aliyeletwa kutoka bara, aliwapenda. Kijana aliyekosa kwa mara ya kwanza alikuwa akiwakabidhi Walezi badala ya kumpeleka shule ya adilisho, huko mbali ambako mtoto hukaa hadi aote ndevu. Lakini kulikuwa na sharti, na sharti lenyewe Walezi walilitaka kwa midomo yao. Zamani kidogo walimpokea kijana mmoja mbele ya baba yake, wakafurahi, na baada ya muda mfupi wajomba wakaja kumchukua, wakauliza baba ni nani hata aweke mtoto wa ukoo wao mikononi mwa watu. Huku kwa Wamakua na Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye sauti ni mjomba. Walezi waliaibika. Mzee Abdulrahmani, karani mstaafu aliyekuwa mwenyekiti wao, akaenda kwa hakimu mwenyewe kumwomba kwamba tangu siku hiyo wasikabidhiwe mtoto yeyote mpaka mjomba wake asimame mahakamani akubali kwa kinywa chake. Hakimu alilishika neno hilo kwa nguvu zote, kama wanavyoshika vijana wenye miwani.

Ndipo akaja Eusebio.

Alikuwa na miaka kumi na sita na mwili wa mtoto wa kumi na miwili, na huo mwili ndio uliompatia kazi. Wakubwa walitoboa ukuta wa ghala la korosho nyuma ya soko, tundu dogo, wakamwingiza yeye ili awafungulie kwa ndani. Walipofukuzwa, wakubwa walikimbia. Eusebio alinasa kwenye tundu, kichwa nje na kiuno ndani, akakaa hivyo mpaka asubuhi, watu wakija kumtazama. Mama yake, Isabel, alikuwa mmoja wa waliokuja. Alimfunika kichwa kwa kanga yake ili asionekane uso, akakaa chini kando yake mpaka polisi walipovunja ukuta.

Isabel alikuwa Mmakua kutoka Kitaya, pale mtoni, na kabla ya hapo ng'ambo ya mto. Mumewe, Adelino, alirudi ng'ambo vita vya huko na Wareno vilipochacha, na hakuna aliyemwona tena. Shamba lake Isabel liliponea chupuchupu mabomu ya vita hivyo, ila woga wake haukupona, akambeba Eusebio wakaja mjini kupanga chumba na kutwanga muhogo wa watu. Kitaya alibaki kaka yake, Sebastiao, mwenye shamba la mpunga na midomo ya kucheka. Yeye ndiye mjomba. Hakimu akasema: mjomba asimame mbele yangu Ijumaa ijayo, mtoto ni wenu. Asiposimama, lori la Ijumaa hiyo hiyo litampeleka. Mpaka siku hiyo akae nyumba ya Walezi, chini ya dhamana ya Mwasiti, na akitoroka, basi mahakama haitawakabidhi Walezi mtoto mwingine.

Kwa hiyo Eusebio alitiwa kwenye chumba cha nyuma, kile cha dirisha la nondo palipokuwa pakiwekwa magunia ya chumvi. Ukuta ulikuwa bado unatoa jasho la chumvi wakati wa mvua. Mwasiti alimpelekea godoro, akampelekea chai na maandazi, akamwambia asiogope, mjomba atakuja. Kisha akatoka na kufunga komeo kwa nje. Aliuchukia mlio wa komeo lile kuanzia siku ya kwanza.

Kazi ikawa kumfikishia mjomba habari. Sebastiao hakujua kusoma, na hata angejua, barua ya Kitaya wakati wa masika hufika kiangazi. Lori la kwenda huko halikupita kwenye tope. Isabel hakuwa na kibali cha kurudi mpakani, maana siku zile kule mtoni palikuwa na askari na mabomu ya kutegwa, na mtu hakupita hivi hivi. Aliyekuwa na kibali na baiskeli na sababu ya kwenda alikuwa mmoja tu: Petro, Mmakonde wa Mahurunga, mchuuzi wa ng'onda, ambaye alisukuma samaki wake wakavu vijiji vyote vya mtoni, mvua isimwambie kitu.

Na tena Petro alikuwa mtani wa Sebastiao. Ukoo wake na ukoo wa Sebastiao walizikana wakati wa njaa ya mababu, wakawa watani tangu hapo. Petro aliweza kuingia kwa Sebastiao akachukua kuku bila kuomba. Sebastiao aliweza kumpaka Petro majivu mbele ya wakwe. Lakini msiba ukitokea, mtani ndiye anayechimba kaburi, mtani ndiye anayewaambia wafiwa wale, na neno zito linalomshinda ndugu kulisema husemwa na mtani. Mwasiti alikuwa mtu wa pwani, ila hilo alilijua, na alijipongeza moyoni kwa kumpata mtu kama huyo.

Asubuhi ya safari alimtilia Petro chai yenye tangawizi na kumpa maneno. Mwambie mpwa wake amekamatwa. Mwambie Ijumaa, isimpite. Halafu, kwa sababu alikuwa Mwasiti, akaongeza.

"Ukifika usimbwagie mtu habari mlangoni. Piga hodi, kaa, kula watakachokupa, mtulie. Kisha umwambie kwa upole."

Petro alikuwa amekwisha kukanyaga pedali. Akashusha mguu.

"Mama, kule kwetu sisi na wale, neno la kweli huwa…"

"Kule kwenu ni wapi?" Mwasiti alimkata. "Adabu ni adabu, Petro. Nimeungua mkono huu kwa sababu ya mtu aliyesema kabla ya kukaa. Naomba ule kwanza."

Petro aliutazama ule mkono. Mtu gani atabishana na mkono kama ule? Akasema ndiyo mama, akaenda zake kwenye matope.

Siku zikaanza kwenda, na mvua haikukatika. Mwasiti alijikuta akiishi kwa masikio. Kengele ya baiskeli ikilia barabarani anainuka. Esta naye akawa anasimamisha cherehani kila mara ili wasikie. Isabel alikuja kila siku kukaa nje ya dirisha la nondo na mwavuli wa jani la mgomba, akaongea na mwanawe kwa Kimakua, na wakati mwingine wakanyamaza tu wote wawili, mmoja huku mmoja kule. Vijana wengine wa Walezi walianza kupita mbali na chumba kile. Mwasiti alilala na ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga, na akiamka anahisi umemchora ubavuni. Alipokwenda sokoni aliharakisha kurudi. Alipokaa nyumbani alitamani kutoka. Ilikuwa kama aliyefungwa ni yeye, na ukweli ni kwamba hakukosea sana.

Petro alirudi Jumatano mchana, tope limemfika kifuani, baiskeli akiwa ameibeba begani na gurudumu la mbele limekunjika. Hapakuwa na mtu nyuma yake.

Alikataa kukaa. Alisimama pale uani mvua ikimnyeshea, akaeleza, na maelezo yake yalikuwa ya ajabu. Alifika Kitaya amekwisha kwa njaa. Alipiga hodi kama alivyoagizwa. Sebastiao akampokea kwa matusi ya utani, akamwuliza kama huko Mahurunga wameishiwa hata na panya, wakamtilia ugali wa makopa ya muhogo na samaki wa mtoni, akakaa, akala, akanawa. Ndipo akasema: mpwa wako Eusebio yuko ndani kwa Walezi wa Rahaleo, na usiposimama kwa hakimu Ijumaa wanampeleka bara.

Nyumba nzima ilicheka.

Petro aliapa. Wakazidi kucheka. Aliapa kwa kaburi la mama yake, Sebastiao akasema hata hilo kaburi tulilichimba sisi na ulitupunja pombe. Mwaka juzi Petro huyo huyo alikuja kuwaambia kwamba serikali inataka kila mwenye shamba la mpunga atoe mke mmoja, na wazee wawili wakalala porini. Sasa nani atamsikiliza? Petro alilia machozi. Wakapiga makofi, wakasema hawajaona mtani anayelijua utani namna hii, wakammwagia pumba za mpunga kichwani na kumpa jogoo awe zawadi yake. Alikaa mpaka kesho yake akisema yale yale. Kila alivyosema ndivyo walivyoona ametia chumvi.

"Kwa nini lakini?" Mwasiti aliuliza. "Si nyinyi ndio mnaopelekeana habari za misiba?"

 Petro alijifuta uso kwa kiganja chenye tope.

Kabla hajasema, sauti ilitoka kwenye dirisha la nondo. Eusebio alikuwa amesimama pale muda wote, mikono imeshika vyuma.

"Alikula kabla ya kusema?" aliuliza.

Petro alitazama chini.

"Alikula, Mama Mwasiti?"

Isabel alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Yeye ndiye aliyeeleza, kwa Kiswahili chake cha kujifunza ukubwani, taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba amekanyaga mboga zake. Mtani akija kwa mchezo hukaa, hula, hunywa, huchukua anachotaka. Mtani akija na neno la kweli hakai. Anasimama katikati ya uwanja, hata maji hanywi, na wenyewe wakimwona amesimama hivyo wanajua, kabla hajasema chochote watu huanza kuvua viatu kama wafiwa. Akishakula, lolote atakalosema ni utani. Hata mtoto wa Kitaya anajua hivyo.

Hakuna aliyemlaumu Mwasiti. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Petro mwenyewe alisema ni njaa yangu, mama, ni njaa yangu mimi, na kila mtu pale uani alijua si njaa.

Alhamisi mvua ilipungua ikawa manyunyu. Njia ya Kitaya ilikuwa imekatwa na maji nyuma ya Petro, na hata isingekatwa, hapakuwa na muda tena. Mzee Abdulrahmani alikwenda kwa hakimu kuomba siku chache, akarudi kabla ya adhuhuri akiwa amevua kofia. Hakimu alimsikiliza kwa heshima kisha akamkumbusha kwamba sharti la mjomba ni la Walezi wenyewe. Akilivunja leo, kesho wajomba wa nani watamlaumu?

Alasiri Mwasiti alimpelekea Eusebio wali kwa maharage. Kijana hakuugusa.

"Mama, usifunge komeo," alisema.

Mwasiti alijua kwamba neno hilo lingekuja. Tangu Jumatano alikuwa akilisubiri.

"Sitakimbilia mbali. Nitafika Kitaya kwa miguu, pembeni pembeni, nimlete mjomba. Nikisimama uwanjani mwenyewe ataamini."

"Njia ina askari. Ina mabomu, Eusebio."

"Najua kupita."

"Na Ijumaa ni kesho."

 Eusebio akasema, bila hasira, na afadhali angesema kwa hasira, kwamba basi asimlete mjomba, aende tu.

Mwasiti alisimama na sinia mikononi. Chumba cha mbele cherehani ilikuwa ikilia, na wasichana wa Esta walikuwa wakicheka jambo fulani. Kulikuwa na Josephu aliyeanza kupata ujira kwa fundi baiskeli, na yule mdogo wa Mwanahawa aliyekuwa hajaiba tangu Ramadhani. Komeo hili likibaki wazi leo, hao wote kesho ni wa polisi. Na hawa wanaokuja baada yao, ambao bado hajawaona sura, hao nao. Alitamani awe mjinga asiyeweza kufikiri mbali hivyo. Alitamani mtu aje amnyang'anye ufunguo.

"Mama," alisema Eusebio, "wewe ndiye uliyesema ale."

"Ni mimi," alisema Mwasiti.

Akatoka, akafunga komeo. Mlio wake ulisikika mpaka chumba cha mbele, kwa sababu cherehani ilikuwa imenyamaza.

Ijumaa hakuna la ajabu lililotokea. Hakimu aliita jina la mjomba, karani akaliita tena nje, mlangoni, likaenda likapotea sokoni. Isabel alisimama, akaambiwa akae. Mzee Abdulrahmani alisimama, akaambiwa akae. Lori lilikuwa limeegeshwa upande wa kivuli. Eusebio alipandishwa pamoja na vijana wengine wasiojulikana, na kwa vile alikuwa mdogo wa mwili, askari alimnyanyua kwa kwapa kama mtoto anayepandishwa punda. Mwasiti alikuwa amemfungia maandazi kwenye karatasi. Eusebio aliyapokea, akasema asante mama, kwa adabu kabisa. Isabel alilifuata lori kwa miguu mpaka lilipoacha barabara ya lami, kisha akarudi kwenye chumba chake, akajilaza, na majirani wakawa wanamwekea uji mlangoni.

Mvua zilikatika wiki iliyofuata. Maji yakashuka, njia zikaanza kuonekana.

Mwasiti alikuwa peke yake katika nyumba ya Walezi, anachambua mchele, aliposikia kilio mtaani. Kilio kikubwa, cha mwanamume, cha kunyanyua na kushusha, na nyuma yake vicheko vya watoto. Mtu alikuwa anakuja amejifunga kaniki kichwani kama mfiwa, uso mzima kapakaa majivu, jogoo kamkumbatia kifuani, anaomboleza: jamani mpwa wangu, jamani wamemfunga mpwa wangu, niacheni nife nami. Akifika penye watu anaongeza sauti. Watoto wakacheka, naye akashindwa kujizuia akacheka pamoja nao, kisha akaanza upya.

Mwasiti hakuwahi kumwona, lakini hakuhitaji kuambiwa.

Sebastiao alisimama mbele ya mlango akihema, mabega mapana, meno yote nje. Alipiga hodi. Akajieleza kwamba yeye ni Sebastiao wa Kitaya, kaka yake Isabel, na ametembea njia yote hiyo kumlipa mtani wake Petro, ambaye alikuja kuwalilia uongo nyumbani kwao mpaka wakaumwa mbavu. Yuko wapi Petro? Leo atalia yeye. Na dada yake yuko wapi, na yule panya wake Eusebio, keshakua hata kidogo? Ameleta jogoo wa kumpikia.

Mwasiti aliinuka.

Nyuma yake kulikuwa na jamvi, safi, limekungutwa asubuhi. Pembeni kulikuwa na mtungi na kata juu yake. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kufika akamaliza hodi kabla ya kusikia karibu, hata polisi, hata mwizi. Neno karibu lilimjia lenyewe ulimini. Akalizuia. Alijua mkono wake unataka kuifuata kata, akaukunja juu ya ule mwingine wenye kovu, akatoka akasimama katikati ya uwanja, mbele ya mgeni, kwenye jua.

Sebastiao aliendelea kucheka kidogo. Kisha akatazama jamvi. Akatazama mtungi.

"Bibi," alisema, "nimetoka mbali. Hata maji?"

Mwasiti aliendelea kusimama.

Watoto wa mtaani walikuwa bado wanacheka nyuma ya Sebastiao. Aliwageukia mara moja, kama anayetaka wamsaidie, akarudisha macho kwa Mwasiti. Jogoo alimponyoka akaanguka chini, akakimbilia uvunguni mwa baraza, na hakuna aliyemfuata. Majivu usoni mwake yalikuwa yameanza kufanya mistari.

"Nikaribishe," alisema Sebastiao, kwa sauti ndogo sana. "Bibi, nakuomba, nikaribishe nikae."

Mwasiti alitikisa kichwa. Sebastiao akainama taratibu, akaanza kuvua viatu.